Max von Stephanitz: Askari aliyewataka wafugaji wa mbwa waseme kweli

Katika miji mingi ya Afrika Mashariki, mbwa mwenye masikio yaliyosimama, mgongo mweusi na miguu ya rangi ya kahawia hahitaji kutambulishwa. Hulinda malango ya maghala, huongozana na askari katika misako, na watu wengi humwita tu mbwa wa polisi. Jina lake rasmi ni German Shepherd, yaani mbwa wa mchungaji wa Kijerumani. Wachache wanajua kwamba mbwa huyu ni matunda ya ukaidi wa mtu mmoja: Max von Stephanitz, kapteni wa wapanda farasi, aliyezaliwa mwaka 1864 na kufariki mwaka 1936.

Habari zake zinafaa kusimuliwa leo, kwa kuwa biashara ya watoto wa mbwa imeenea katika nchi zetu. Mtu anayetaka mlinzi wa nyumba huonyeshwa picha kwenye simu, hutajiwa bei, kisha huletewa mtoto wa mbwa ndani ya boksi bila kumwona mama aliyemzaa. Ikipita miezi kadhaa, wapo wanaogundua kwamba waliyemnunua ni mwoga wa kila kivuli, au ana nyonga mbovu, au si wa aina waliyoahidiwa. Hapo ndipo mnunuzi hujiuliza, tena kwa kuchelewa, angemtambuaje mfugaji wa kuaminika. Von Stephanitz alitumia miaka 36 kulijibu swali hilo. Jibu lake lilikuwa na uzito, nalo lilikuwa na kasoro, na pande zote mbili zina mafunzo.

Kijana aliyetamani shamba

Max von Stephanitz alizaliwa tarehe 30 Desemba 1864 mjini Dresden, mashariki mwa Ujerumani, katika ukoo wa kiungwana. Inasimuliwa kwamba moyo wake ulikuwa katika kilimo, lakini mama yake alimtakia maisha ya jeshi, naye akatii. Akawa ofisa wa kikosi cha wapanda farasi. Katika utumishi huo alipelekwa kwa muda kwenye Chuo cha Utabibu wa Mifugo mjini Berlin, na hapo akajifunza mambo yasiyojulikana na maofisa wengi: jinsi mifupa na misuli inavyofanya kazi, jinsi mnyama anavyorithi umbo la wazazi wake, na jinsi mwendo wa mnyama unavyofichua uzima au ugonjwa wake.

Katika mazoezi ya kijeshi yaliyofanyika mashambani, kijana huyo aliwatazama wachungaji wa kondoo na mbwa wao. Aliona jinsi mbwa mmoja au wawili walivyoweza kulipitisha kundi kubwa la kondoo katikati ya mashamba yasiyo na ua, pasipo kondoo kugusa mazao ya mwenye shamba. Mbwa alitembea ukingoni mwa shamba, akienda na kurudi, akawa yeye mwenyewe ndiye ua. Hakusubiri kuamriwa kila hatua, bali alielewa kazi na kuitenda. Von Stephanitz alivutiwa na akili hiyo kuliko alivyovutiwa na sura.

Zamani hizo hapakuwa na mbwa mmoja wa Kijerumani. Kila jimbo lilikuwa na wake. Mbwa wa Thuringia walikuwa na rangi ya kijivu kama mbwamwitu na masikio yaliyosimama. Wale wa Württemberg walikuwa wakubwa zaidi, wenye mifupa imara. Wachungaji waliwapandisha mbwa wao kwa kuangalia kazi tu, wala hawakuandika lolote. Mwaka 1891 chama kilichoitwa Phylax kiliundwa ili kuwaunganisha mbwa hao katika aina moja, lakini wanachama wakazozana, hawa wakitaka sura na wale wakitaka kazi. Mwaka 1894 chama kikavunjika. Von Stephanitz aliyaona hayo, akajifunza kwamba kupenda mbwa peke yake hakutoshi. Lazima watu wakubaliane kwanza mbwa huyo ni wa kufanya nini.

Maisha yake ya jeshi yalifika mwisho karibu na kumalizika kwa karne ya 19. Alikuwa amemwoa mwigizaji wa tamthilia, na katika jamii ya maofisa wa wakati ule ndoa ya namna hiyo ilihesabiwa kuwa ya kujishusha hadhi. Akaacha kazi akiwa na cheo cha kapteni, akahamia Grafrath, kijiji kilicho katika jimbo la Bavaria, kusini mwa nchi. Hapo alipata ardhi aliyoitamani tangu ujanani, na nafasi ya kufuga.

Mbwa namba moja

Simulizi inayojulikana zaidi inasema kwamba mwezi Aprili mwaka 1899, von Stephanitz na rafiki yake Artur Meyer walikuwa kwenye maonyesho ya mbwa mjini Karlsruhe. Huko walimwona dume mmoja mwenye rangi ya kijivu na njano, aliyeitwa Hektor Linksrhein. Mbwa huyo alizaliwa mwaka 1895 kwa mfugaji wa Frankfurt aliyeitwa Sparwasser, ambaye kwa miaka mingi aliwafuga mbwa wa kuchunga wenye asili ya Thuringia. Hakuwa jitu la mbwa. Urefu wake begani ulikuwa sentimita 60 hivi. Lakini alikuwa na nguvu, mwepesi, mwenye macho ya kujua na hamu ya kufanya kazi muda wote.

Von Stephanitz alimchukua, akambadilisha jina kwa kumpa la makazi yake mapya: Horand von Grafrath. Tarehe 22 Aprili 1899 ikaundwa jumuiya ya wafugaji wa mbwa huyo, inayojulikana hadi leo kwa herufi mbili, SV. Von Stephanitz akawa rais wake wa kwanza. Miongoni mwa waanzilishi walikuwamo wachungaji wa kondoo, wenye viwanda, msanifu wa majengo na mwenye nyumba ya wageni. Waungwana na watu wa kawaida waliketi meza moja, na kiungo chao kilikuwa mbwa.

Jambo la kwanza walilofanya lilikuwa kufungua daftari la nasaba. Horand aliandikwa humo kwa namba moja. Kuanzia hapo, kila mtoto wa mbwa aliyezaliwa kwa mwanachama alipaswa kuandikwa: siku aliyozaliwa, baba yake, mama yake na mfugaji wake. Kila mfugaji alikuwa na jina la banda lake, na jina hilo likafuatana na mbwa maisha yake yote, kama mtoto anavyofuatwa na jina la ukoo.

Huenda jambo hilo likaonekana dogo, la makarani. Lakini uzito wake ulikuwa mkubwa. Kabla ya daftari, muuzaji aliweza kusema lolote juu ya mbwa wake, na mnunuzi hakuwa na pa kuuliza. Baada ya daftari, mbwa mwoga au mgonjwa alirudi kwa jina la nyumba alikozaliwa. Aibu ya mbwa ikawa aibu ya mfugaji, na sifa ya mbwa ikawa sifa yake. Von Stephanitz alielewa kwamba uaminifu hauji kwa kuwasihi watu wawe wema. Huja pale uongo unapoweza kugundulika.

Kazi kwanza, sura baadaye

Msimamo mkuu wa kapteni huyo ulikuwa kwamba uzuri wa mbwa ni kufaa kwake kazini. Mgongo imara ni mzuri kwa kuwa mbwa ataweza kukimbia kutwa nzima bila kuchoka. Tabia tulivu ni nzuri kwa kuwa mbwa atakaa na watoto nyumbani na bado atasimama mbele ya mwizi. Mbwa mwenye sura ya kupendeza lakini mwoga, kwake yeye, hakuwa mbwa wa kuzalisha. Mwaka 1901 alianza kuyaandika mafundisho hayo, na kwa miaka iliyofuata maandishi yake yakakua yakawa kitabu kikubwa juu ya historia, umbo, malezi na mafunzo ya mbwa wa mchungaji.

Lakini nchi yenyewe ilikuwa ikibadilika. Viwanda vilienea, malisho yakapungua, na makundi ya kondoo yakapungua pamoja nayo. Mbwa wa mchungaji alikuwa anapoteza mchungaji. Von Stephanitz aliona hatari mbele yake: mbwa asiye na kazi angegeuka pambo la sebuleni, na sifa zilizojengwa na wachungaji kwa karne nyingi zingepotea katika vizazi vichache. Kwa hiyo akawaendea wakuu wa polisi na wa jeshi, akiwataka wampe mbwa wake majukumu mapya. Mwanzoni wengi walimpuuza. Baadaye polisi wa miji ya Ujerumani wakawachukua mbwa hao, na jumuiya ikaandaa mitihani ya utii, ya kunusa nyayo na ya ujasiri.

Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, iliyoanza mwaka 1914, ikawa mtihani mkali kuliko yote. Maelfu ya mbwa walipelekwa vitani kubeba ujumbe, kulinda na kutafuta majeruhi. Mwaka 1916, daktari Gerhard Stalling alifungua mjini Oldenburg shule ya kuwafundisha mbwa kuwaongoza askari waliopofuka vitani. Mbwa aliyekuwa ua wa kondoo akawa macho ya binadamu. Kwa von Stephanitz huo ulikuwa ushahidi kwamba alichokuwa akikidai kwa wafugaji hakikuwa bure: mtu asiyeona anamkabidhi mbwa uhai wake barabarani, na mbwa huyo hawezi kuwa mtoto wa wazazi waliochaguliwa kwa rangi ya manyoya.

Damu moja

Hata hivyo, haitakuwa haki kuzisimulia sifa na kuzificha kasoro. Ili kupata haraka mbwa wanaofanana, von Stephanitz na wenzake waliirudia damu moja mara nyingi. Horand alipandishwa kwa majike mengi. Mwanawe aliyejulikana zaidi, Hektor von Schwaben, alipandishwa kwa dada yake wa baba mmoja, na kutoka kwao wakazaliwa Beowulf na Pilot, ambao nao wakawa mababu wa mbwa wengi sana. Katika daftari la awali kuna hata kumbukumbu zinazoashiria kwamba damu ya mbwamwitu iliingizwa.

Njia hiyo ilizaa umbo moja kwa upesi. Lakini kila mfugaji wa ng'ombe au mbuzi katika nchi zetu anajua kinachofuata: ukilirudisha dume kwa binti zake na wajukuu zake, kasoro iliyojificha hujitokeza. Ndivyo ilivyokuwa. Yalianza kuonekana meno yaliyopungua, woga usio na sababu na miili iliyopotoka. Von Stephanitz mwenyewe alitambua hatari hiyo baadaye, akawatahadharisha wafugaji na upandishaji wa ndugu wa karibu. Lakini msingi ulikwisha kujengwa, na mbwa wa leo bado wanaubeba.

Sokoni baada ya vita

Tatizo kubwa zaidi lilitokana na mafanikio. Askari wa Marekani na Uingereza waliowaona mbwa hao vitani walirudi makwao wakiwasifu. Mmoja wao, Lee Duncan, mwaka 1918 aliwaokota nchini Ufaransa watoto wa mbwa waliokuwa katika banda lililoharibiwa kwa mabomu. Mmoja wa watoto hao, aliyepewa jina Rin Tin Tin, akawa nyota wa sinema huko Marekani katika miaka ya 1920. Watu waliotoka kwenye ukumbi wa sinema walitaka nao wawe na mbwa kama yule, na walimtaka mara moja.

Ujerumani nayo ilikuwa imeshindwa vita na imezama katika umaskini. Mwaka 1923 fedha yake ilianguka thamani kiasi kwamba mshahara wa asubuhi haukununua mkate jioni. Mgeni aliyefika na dola alikuwa mfalme. Wafugaji waliuza mbwa wao bora nje ya nchi. Wengine walizalisha bila mpango, jike akizaa na kuzaa tena, ili mradi watoto wapatikane. Kule Marekani pia wakazuka watu waliozalisha kwa ajili ya soko tu. Hawakupima tabia, hawakuangalia nasaba, na mnunuzi hakuambiwa kitu. Waswahili husema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Katika miaka hiyo kibaya kilitembezwa kikiwa kimevaa jina la kizuri.

Matokeo yalikuwa machungu. Mbwa wengi waliuma watu kwa woga, na sifa mbaya ikawaangukia wote. Nchini Uingereza jina la Ujerumani lilichukiwa kwa sababu ya vita, na mbwa huyo akaandikishwa kwa jina la Alsatian, ambalo bado linasikika katika nchi zilizotawaliwa na Waingereza, Kenya ikiwa mojawapo. Na katika Ujerumani yenyewe, mbwa walianza kuwa warefu mno wa miguu na wenye mwili wa mraba. Walipendeza kusimama, lakini walichoka upesi.

Kapteni arudi kazini

Mtu mwingine angenyamaza, kwa kuwa jumuiya ilikuwa na makumi ya maelfu ya wanachama na fedha ilikuwa inaingia. Von Stephanitz hakunyamaza. Mwaka 1922 uliwekwa utaratibu wa ukaguzi. Mbwa waliletwa mbele ya wataalamu, wakapimwa, wakatazamwa wakitembea, wakajaribiwa tabia, na kila mmoja akaandikiwa ripoti. Ripoti ilisema kama anafaa kuzalisha au la, na ikaeleza ni mbwa wa namna gani anayefaa kupandishwa naye. Kadhalika, wafugaji wenye uzoefu walipewa kazi ya usimamizi katika maeneo yao. Waliwatembelea wafugaji wenzao, wakawakagua watoto waliozaliwa, wakatoa ushauri juu ya chakula na malezi. Yaliwekwa masharti hata juu ya idadi ya watoto ambao jike mmoja aliruhusiwa kuwalea kwa uzao mmoja, ili asinyonywe hadi akaisha nguvu.

Mwaka 1925 kapteni alichukua hatua iliyowashtua wengi. Katika maonyesho makuu ya mwaka, akiwa mwamuzi, alikipa cheo cha bingwa kifua ambacho wengi hawakukitarajia: Klodo von Boxberg, mbwa mfupi kuliko waliokuwa wakipendwa, mwenye mwili mrefu kidogo na mwendo wa hatua ndefu zinazofika mbali. Wafugaji waliokuwa wametumia fedha nyingi kuzalisha mbwa warefu waliona wametupwa nje. Lakini ujumbe ulieleweka. Mtindo wa soko usingeamua mbwa awe nani. Katika miaka iliyofuata umbo la mbwa wa Kijerumani likafuata njia ya Klodo.

Inafaa kukumbuka pia jambo moja lenye kejeli. Klodo mwenyewe, baada ya ushindi huo, aliuzwa Marekani. Hata mrekebishaji hakuweza kulizuia soko lisichukue alichokirekebisha.

Mwisho wenye uchungu

Mwaka 1933 chama cha Wanazi kilishika madaraka nchini Ujerumani, na vyama vyote vya wafugaji wa mbwa vikawekwa chini ya mkono wa dola. Baadhi ya wanachama wa SV waliokuwa Wanazi walitaka jumuiya iendeshwe kwa matakwa yao. Von Stephanitz, ambaye sasa alikuwa mzee wa karibu miaka 70, alipingana nao. Inasimuliwa kwamba alitishiwa kupelekwa kwenye kambi ya mateso. Mwaka 1935 akaachia kiti cha urais alichokikalia tangu siku ya kwanza. Alifariki tarehe 22 Aprili 1936, siku ileile ya mwezi ambayo jumuiya yake ilizaliwa miaka 37 nyuma.

Kugombana na Wanazi hakumfanyi kuwa mtu asiye na lawama. Katika maandishi yake alichanganya elimu ya mbwa na dhana za ubora wa damu na rangi za watu, na yamo maneno ya dharau juu ya Wayahudi. Fikra ya usafi wa damu, ambayo hata kwa mbwa ilileta maradhi, ilipohamishiwa kwa wanadamu ilileta maangamizi. Mbwa wa aina yake walitumiwa na walinzi wa kambi za mateso, na baadaye polisi wa serikali ya ubaguzi wa rangi nchini Afrika Kusini waliwaachia mbwa wa namna hiyo raia waliokuwa wakidai haki zao. Kwa watu wengi wa bara letu, kumbukumbu ya kwanza ya mbwa huyu ni kumbukumbu ya hofu.

Na bado mbwa huyohuyo, mwaka 1928, alimwongoza Morris Frank, kijana kipofu wa Marekani, kupita katikati ya magari ya miji mikubwa, na kutokana na safari hizo ikazaliwa shule ya kwanza ya mbwa waongozaji katika nchi hiyo. Mbwa hana siasa. Huwa vile wazazi wake walivyochaguliwa na vile mwenyewe alivyolelewa. Dhamana iko kwa binadamu aliyeshika kamba.

Alichomwachia mtafutaji wa leo

Katika ukanda wetu, Polisi ya Tanzania ina Kikosi cha Mbwa na Farasi, na polisi wa Kenya na Uganda wana vikosi vyao vya mbwa. Nchini Kenya, chama cha East Africa Kennel Club kilicho Nairobi huandikisha mbwa wenye nasaba. Lakini sehemu kubwa ya watoto wa mbwa wanaouzwa mijini hawaandikwi popote. Mnunuzi yuko pale alipokuwa mnunuzi wa Ujerumani kabla ya mwaka 1899: ana neno la muuzaji tu.

Ukiyapitia maisha ya von Stephanitz kwa makini, utaona kwamba kila alichokipigania kinaweza kugeuzwa kuwa swali la kumuuliza mfugaji. La kwanza ni la daftari. Baba ni nani, mama ni nani, na babu zao ni akina nani? Ikiwa jina moja linajirudia pande zote mbili, mtafutaji ana haki ya kusita. Ikiwa hakuna jina hata moja, anajua kwamba ananunua mbuzi kwenye gunia.

La pili ni la mama. Mfugaji wa kweli humwonyesha mgeni jike aliyezaa, mahali palepale anapolelea watoto. Jike akiwa ametulia, ana afya, na banda ni safi, mtafutaji amekwisha kuona nusu ya jibu. Jike akifichwa, au watoto wakiletwa sokoni au kando ya barabara, hilo nalo ni jibu. Na mtoto asitengwe na mama kabla ya kutimiza wiki nane, kwani ni kwa mama na ndugu zake anapojifunza kupima nguvu ya meno yake na kuishi na wengine. Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu, na ulimwengu hufunza kwa ukali.

La tatu ni la afya. Tangu miaka ya 1960, jumuiya aliyoianzisha von Stephanitz inawataka wafugaji wapige picha za eksirei za nyonga za mbwa wao, kwa sababu ugonjwa wa nyonga umekuwa donda la aina hii. Mfugaji anayejali atakuwa na majibu ya uchunguzi wa wazazi, na kadi ya mtoto iliyoandikwa na daktari wa mifugo kuhusu dawa za minyoo na chanjo. Chanjo ya kichaa cha mbwa kwa kawaida hutolewa mtoto anapofikisha miezi mitatu, na katika nchi ambazo ugonjwa huo bado unaua watu, haifai kufanyiwa mzaha.

La nne huenda ndilo kubwa zaidi, nalo linamgeukia mnunuzi. Mfugaji wa kuaminika naye huuliza. Atataka kujua nyumba ina ua au haina, ni nani atakayemlisha mbwa, atafanya kazi gani, na atafungwa mnyororo kutwa au la. Atasema arudishiwe mbwa siku mnunuzi atakaposhindwa kumtunza. Anayeuliza bei tu na kuhesabu noti hana tofauti na wale waliomtia uchungu kapteni mzee.

Katika familia nyingi za Waswahili, mbwa huwekwa nje ya nyumba, kwa ulinzi, mifugo au uwindaji, na hapewi nafasi pasipo kazi. Von Stephanitz, aliyeishi mbali na desturi zetu, angelielewa jambo hilo bila tafsiri. Kwake yeye pia mbwa alikuwa mfanyakazi mwenye heshima, mwenye haki ya kuzaliwa mzima na kufunzwa vizuri.

Jumuiya aliyoianzisha ipo hadi leo, na makao yake makuu yako Augsburg, katika jimbo lilelile la Bavaria. Daftari lake lingali likiandikwa, na kwenye ukurasa wa kwanza bado limo jina la mbwa wa Grafrath. Lakini hakuna daftari litakalomwokoa mnunuzi asiyetaka kuuliza. Mtoto wa mbwa anayechukuliwa leo huenda akaishi miaka kumi au zaidi katika nyumba hiyo. Siku moja ya safari hadi kwa mfugaji, ya kumtazama mama na kusoma karatasi, si ghali ikilinganishwa na miaka hiyo.